Masomo ya Mtoto wa Maskini: Haki au Hisani?

(Nakala ya hotuba iliyotolewa na wakili mbele ya waumini na wanaharakati wa mageuzi)



Nimeombwa nizungumze juu ya shule ya sekondari ya kutwa, yaani ile shule inayompokea mtoto wa mlalahoi baada ya shule nyingine zote kuchagua wanafunzi wao. Bila shaka wapo miongoni mwetu watakaouliza kwa nini jukwaa lililozoea kujadili Katiba, kura na mamlaka ya rais litumie alasiri nzima kwa habari za maabara, walimu na chakula cha mchana. Jibu langu ni fupi. Kura hupigwa mara moja kwa miaka mitano, bali mtoto huenda shuleni kila asubuhi. Anayetaka kujua kama Katiba tuliyoipigania inafanya kazi au imelala kabatini, na aende asimame kwenye lango la shule hiyo siku ya kwanza ya muhula, atazame ni nani wanaoingia na ni nani wanaorudishwa nyumbani.

Shule nitakayoieleza sitaitaja jina, kwa sababu iko karibu katika kila wadi ya nchi hii. Ni shule ya kaunti ndogo, ya kutwa, iliyojengwa kwa michango ya wazazi juu ya ardhi iliyotolewa na kanisa au na ukoo fulani. Shule za aina hii ndizo nyingi zaidi kati ya shule za sekondari za umma nchini Kenya. Hata hivyo, matokeo ya mtihani yanapotangazwa, hatuzisikii zikitajwa. Tunaonyeshwa kwenye televisheni wavulana na wasichana wa shule za kitaifa wakibebwa mabegani, nasi tunapiga makofi, kisha tunasahau kuuliza habari za hao wengine.

Tulifikaje hapa?

Baada ya uhuru mwaka 1963, hamu ya elimu ilikuwa kubwa kuliko nafasi zilizokuwepo katika shule za serikali. Wananchi hawakungoja. Walichanga kuku, mbuzi na shilingi, wakajenga shule za Harambee, na muda si muda shule hizo zikazidi zile za serikali kwa idadi. Hilo lilikuwa tendo la fahari na hakuna anayelibeza. Lakini tangu mwanzo kulikuwa na dosari ndani yake: mtoto aliyepata alama za juu alikwenda katika shule iliyogharimiwa na serikali, naye mtoto aliyepata alama za chini, ambaye mara nyingi ndiye mtoto wa maskini, alikwenda katika shule iliyogharimiwa na maskini wenzake. Mwenye kidogo akatozwa zaidi ili apate kilicho hafifu zaidi.

Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, uliowataka wazazi wajenge karakana na maabara za masomo mapya. Mwaka 1988, kufuatia ripoti ya Tume ya Kamunge, serikali ikatangaza rasmi sera ya kugawana gharama, na mzigo wa vitabu, majengo na vifaa ukazidi kuelemea mabega ya mzazi. Mwaka uliofuata, 1989, mtihani wa KCSE ukafanywa kwa mara ya kwanza. Tafadhali zingatieni mfuatano huo: mzigo ulimwagwa kwa mzazi kwanza, kisha watoto wote wa Kenya wakawekewa kipimo kimoja.

Mambo yalianza kubadilika baada ya mapambano ya vyama vingi. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na serikali iliyoingia kwa kura ya 2002 ikaondoa karo katika shule za msingi mwaka 2003. Mwaka 2008 serikali ikaanza kulipa gharama za masomo katika sekondari za kutwa. Mwaka 2018 ikaja amri kwamba kila mtoto anayemaliza shule ya msingi apokelewe sekondari. Hatua hizo zote zilikuwa njema. Hata hivyo, watoto waliongezeka kwa kasi ambayo walimu, madarasa na fedha hazikuifikia, na ongezeko kubwa likaangukia shule ya kutwa, kwa kuwa shule hiyo haina lango la kuchagua.

Mambo yanayomwangusha mwanafunzi

Katika KCSE ya mwaka 2023, watahiniwa karibu 900,000 walifanya mtihani, na wapatao 201,000 ndio waliopata alama ya C+ au zaidi, ambayo ndiyo mlango wa chuo kikuu. Hii ina maana kwamba zaidi ya watatu kati ya kila wanne hawakufika mlangoni. Wakubwa hupenda kusema kwamba watoto hawa ni wavivu, au kwamba wazazi wao hawajali. Mimi ni mwanasheria, na kazi yangu imenifunza kutopokea hukumu kabla ya ushahidi. Basi tuupitie ushahidi.

Kwanza ni mwalimu. Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, imekiri kwa miaka mingi kwamba walimu hawatoshi. Pengo hilo huzibwa na bodi ya shule, inayowaajiri vijana kwa ujira mdogo unaotoka katika mfuko wa wazazi. Kijana huyo hufundisha hisabati vidato vitatu, na siku anapopata kazi yenye mshahara wa uhakika huondoka, hata kama ni katikati ya muhula. Nani atamlaumu? Lakini darasa linabaki na nusu ya silabasi, na mtihani haumsubiri mwalimu mpya.

Pili ni maabara. Katika KCSE, kila mtahiniwa hulazimika kufanya angalau masomo mawili ya sayansi, na kila somo kati ya kemia, fizikia na baiolojia lina karatasi ya vitendo. Mtoto wa shule yenye maabara kamili hushika bureti na pipeti tangu kidato cha kwanza. Mtoto wa shule ya kutwa mara nyingi humwona mwalimu akifanya jaribio moja mbele ya darasa la watoto sitini, kwa kuwa kemikali hazitoshi kila mtu kujaribu. Siku ya mtihani anaambiwa apime kwa usahihi kwa chombo ambacho mkono wake haujakizoea. Karatasi ni moja na swali ni moja. Usawa unaishia hapo.

Tatu ni njaa. Serikali hulipa masomo, lakini chakula cha mchana katika shule ya kutwa hulipiwa na mzazi. Mama anayefua nguo za watu kwa ujira wa siku anapokosa kibarua wiki moja, jina la mtoto wake hutolewa katika orodha ya githeri. Mtoto huyo ameamka alfajiri, ametembea kilomita kadhaa, na somo la hisabati limewekwa saa nane mchana. Mwalimu anayemwona akisinzia humwandika mtoro wa akili. Ukweli ni kwamba tumbo lake li tupu.

Nne ni nyumba. Mwanafunzi wa bweni ana saa mbili za kusoma usiku chini ya taa ya umeme, na mwalimu wa zamu yuko karibu. Mwenzake wa kutwa hurudi katika chumba kimoja wanamoishi watu sita, achote maji, apike, amlaze mdogo wake, kisha atafute mwanga. Msichana ana mzigo wa ziada. Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa mwaka 2017 ili kuilazimisha serikali impe kila msichana wa shule ya umma aliyebaleghe sodo za kutosha bila malipo. Ulizeni katika shule zilizo karibu nanyi kama zinafika kila mwezi. Zisipofika, binti hukosa masomo siku kadhaa za kila mwezi, na mwisho wa miaka minne siku hizo huwa majuma mengi.

Tano, na hili ndilo linalouma kuliko yote, ni kufukuzwa. Mwalimu mkuu ana deni kwa muuza mahindi, kwa kampuni ya umeme na kwa walimu wa bodi. Fedha za serikali zimechelewa. Njia aliyo nayo ni kusimama katika gwaride la asubuhi na kusoma majina ya wasiolipa. Watoto huondoka kwa aibu, na wengine hawarudi hadi baada ya wiki mbili. Hata amalizapo kidato cha nne, cheti chake chaweza kufungiwa kabatini kwa sababu ya deni, ingawa Wizara ya Elimu imeagiza mara nyingi kwamba vyeti visizuiwe. Mtoto asiye na cheti hapati kazi, na asiye na kazi hawezi kulipa deni linalozuia cheti. Huu ni mzunguko usio na mlango.

Ndugu zangu, hayo ndiyo maelezo ya mashahidi. Nani kati yenu yuko tayari kuhukumu kwamba kosa ni la mtoto?

Hesabu ya fedha

Kuanzia mwaka 2018, mgao uliowekwa na serikali kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Kwa viwango vya mwaka 2023, mzazi wa mtoto wa bweni katika shule ya kitaifa aliongeza shilingi 53,554 juu ya mgao huo. Shule ya kutwa haina nyongeza hiyo. Mgao ukikatwa, shule ya kitaifa huumia. Shule ya kutwa huvunjika mgongo.

Mwezi wa Julai 2025, Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliieleza kamati ya Bunge la Taifa kwamba serikali haimudu kulipa 22,244, na kwamba uwezo wake ulikuwa takriban 16,900 kwa kila mwanafunzi. Wananchi walipopiga kelele, serikali ilisisitiza kwamba elimu bila karo ingeendelea. Tushike karatasi na kalamu. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ni shilingi 5,344. Katika shule yenye wanafunzi 400, pengo ni shilingi 2,137,600 kwa mwaka mmoja. Hapo ndipo penye kemikali za maabara, vitabu, umeme na ujira wa walimu wa bodi. Wakati mwalimu mkuu anaposoma majina katika gwaride, anadai kwa mtoto kile ambacho Hazina ya Taifa haikuleta. Mdaiwa mkuu yuko Nairobi, lakini anayefukuzwa darasani ni mtoto wa kijijini.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 53(1)(b) cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba kila mtoto ana haki ya kupata elimu ya msingi isiyolipiwa na ya lazima. Wengi hudhani maneno "elimu ya msingi" yanaishia darasa la nane. Sivyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaijumuisha sekondari ndani ya elimu hiyo. Kifungu cha 29 cha Sheria hiyo kinakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Malipo mengine yakiidhinishwa, kifungu hicho hicho kinaeleza kwamba hakuna mtoto atakayekataliwa kuhudhuria shule kwa kushindwa kuyalipa.

Serikali itajibu kwamba haina fedha. Waliotunga Katiba waliliona jibu hilo likija. Kifungu cha 20(5) kinasema kwamba serikali ikidai haina rasilimali za kutekeleza haki za kiuchumi na kijamii za Kifungu cha 43, ambamo haki ya elimu imo, ni wajibu wa serikali kuthibitisha kwamba rasilimali hizo hazipo. Mwananchi hadaiwi ushahidi huo. Na katika kugawa kilichopo, serikali lazima izingatie wale walio katika hali ya unyonge. Wahenga wetu walikwisha kulisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Haki na hisani

Sasa nafika katika kiini cha maneno yangu, na ndipo shule hii inapokutana na harakati zetu.

Fedha za haki zinapokosekana, fedha za hisani huingia. Mzazi aliyerudishiwa mtoto hukimbilia basari: ya mfuko wa eneo bunge, ulioanzishwa mwaka 2003, ya kaunti, au ya mheshimiwa mwenyewe siku ya mkutano wa hadhara. Hujaza fomu, hutafuta sahihi ya chifu na ya mchungaji, hupanga foleni, na mwishowe hupewa hundi ya shilingi elfu chache mbele ya kamera, aambiwe ashukuru. Ikumbukwe kwamba fedha hizo ni kodi yake mwenyewe, aliyotozwa kwenye sukari na sabuni.

Mzazi aliyeshukuru hawezi tena kuuliza. Atauliza vipi habari za maabara isiyojengwa mbele ya mtu aliyemlipia mtoto muhula huu, na ambaye aweza kukataa muhula ujao? Hivyo ndivyo kura inavyonunuliwa bila noti kuonekana mkononi. Enzi za chama kimoja, mwananchi alinyamazishwa kwa kuogopeshwa kizuizi. Katika vyama vingi, maskini aweza kunyamazishwa kwa karo ya mtoto wake. Tulifuta Kifungu cha 2A ili mwananchi aseme bila hofu. Hatukukifuta ili abadilishiwe hofu.

Sisemi kwamba basari ni dhambi. Mtoto aliye nje ya lango leo anahitaji msaada leo. Ninalosema ni kwamba msaada usitumiwe kuifunika haki. Mgao ukilipwa kamili na kwa wakati, na chakula cha mchana kikiingizwa katika bajeti, foleni ya basari itapungua, na pamoja nayo utapungua uwezo wa mwanasiasa kumshika mzazi shingoni.

Wapo wanaotumaini kwamba mtaala mpya utaponya yote. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, wanafunzi wa kwanza wa mfumo mpya waliingia gredi ya kumi Januari 2026, na mtihani wa mwisho wa kawaida wa KCSE chini ya 8-4-4 umepangiwa mwaka 2027. Mwanafunzi sasa huchagua mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Nia ni njema. Lakini mkondo wa sayansi bila maabara ni jina tu, na shule zimepangwa tena katika madaraja manne, zile za kutwa zikiwa chini kabisa. Tusipoangalia, watoto wa maskini watachaguliwa mkondo na hali ya shule yao, kisha tutaambiwa kwamba hicho ndicho kipaji chao.

Kazi iliyo mbele yetu

Naomba nitaje kazi tatu, zote ziko ndani ya uwezo wetu.

Ya kwanza ni ya makanisa. Sheria ya 2013 inampa mdhamini wa shule viti vitatu katika bodi ya usimamizi. Makanisa yenu ni wadhamini wa shule nyingi sana za kutwa. Nani huketi katika viti hivyo? Mara nyingi ni wazee wema wanaoitwa kufungua mkutano kwa sala na kuufunga kwa sala. Wekeni humo watu wanaojua kusoma hesabu za fedha, na muwaagize wasipitishe azimio lolote la kumfukuza mtoto kwa ajili ya deni. Kanisa lililothubutu kumkemea rais mimbarini miaka ya tisini halitashindwa kumkemea mwenyekiti wa bodi. Nanyi wazazi mnachagua wajumbe sita katika bodi hiyo hiyo. Msiwachague kwa sababu ya ukubwa wa magari yao.

Ya pili ni ya wanaharakati. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kila muhula, kila kikundi kiandike barua katika shule iliyo karibu nacho, kiulize mambo matatu: fedha zilizofika ni kiasi gani, zilifika tarehe gani, na ni watoto wangapi waliorudishwa nyumbani. Majibu yabandikwe katika ubao wa kanisa na wa soko. Tukiyakusanya majibu ya shule nyingi, tutakuwa na ushahidi ambao hakuna waziri atakayeweza kuupuuza kwa hotuba.

Ya tatu ni yetu sisi wanasheria. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea, au kwa manufaa ya umma. Mzazi maskini haendi kortini kwa sababu anaogopa gharama, na kwa sababu anaogopa mtoto wake ataandamwa. Basi twende sisi, tukiwa na barua na tarehe zenu mikononi. Kabla ya kwenda, kamati za bajeti za Bunge huita maoni ya umma kila mwaka, na kwa kawaida viti hujazwa na wenye maslahi. Safari hii tuvijaze sisi, tudai kwamba mgao wa mwanafunzi uandikwe kamili kabla ya mabilioni ya ofisi na misafara.

Bwana Mwenyekiti, waliosimama katika viwanja na mimbari kudai vyama vingi waliambiwa kwamba wanataka mambo makubwa mno kwa nchi changa. Sisi hatudai makubwa. Tunadai mwalimu wa hisabati, bureti moja kwa kila mwanafunzi, sahani ya githeri saa saba, na jina la mtoto lisisomwe tena katika gwaride kwa kosa la Hazina. Mkirudi makwenu, anzeni na shule iliyo karibu. Barua ya kwanza iandikwe wiki hii.